Tupeane uzoefu: Mlikwenda kutembea na washkaji mkiwa masomoni Ulaya, mkaona nini ambacho hamkukifuata?

Mmwera wa Mchinga

Habari za saa hizi wakuu.

Nilikuwa nasafisha simu ya zamani nikakutana na picha za Julai 2022, nikaona zisifutike hivi hivi. Tuliosoma na mnaosoma Ulaya, tusimuliane zile safari za kutembea na washkaji. Siyo zile za "Paris pazuri sana", hizo tumeziona mitandaoni mpaka macho yamechoka. Nataka ile mliyofunga safari kuona kitu fulani, mkaishia kuona kingine. Naanza mimi.

Nilikuwa Göttingen, mwaka wa kwanza wa uzamili. Kiangazi kile serikali ya Ujerumani ilitoa tiketi ya euro 9 kwa mwezi, kuanzia Juni hadi Agosti. Unapanda basi, tramu na treni zote za mikoani nchi nzima, ilimradi usiguse zile za kasi. Euro 9! Basi la Dar hadi Lindi lilikuwa linanilia zaidi ya hapo, tena kwa njia moja.

Tukawa wanne: mimi, Mchaga mmoja, dada wa Kisumu aliyekuwa anasomea misitu, na Mghana aliyejiunga baada ya kusikia harufu ya pilau. Pilau tuliibeba kwenye kopo la aiskrimu. Treni zilijaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi wamekumbatia baiskeli zao, Mghana akasema sasa ndiyo anajisikia yuko kwao. Tulibadilisha treni mara tatu. Magdeburg treni moja ilituacha kwa sababu Mchaga aligoma kulipia choo cha kituo, akaenda mjini kutafuta cha bure. Treni ya kasi ingetufikisha kwa saa mbili na ushee. Sisi tulitumia saba, na Berlin tuliingia kopo likiwa tupu.

Ratiba ilikuwa Lango la Brandenburg, mabaki ya Ukuta, na jengo la Bunge. Siku ya pili ikanyesha mvua ya kutosha. Dada wa Kisumu akasema twende tukajikinge Museum für Naturkunde, pale Invalidenstraße, wanafunzi wana punguzo. Niliingia huku nalalamika. Ukumbi wa kwanza kabisa, chini ya paa la kioo, limesimama lidude la mifupa, shingo imekwenda juu, mita 13 na zaidi kutoka sakafuni. Wenzangu wakatoa simu wapige picha. Mimi nikasoma kibao. Tendaguru. Nikasoma tena.

Wakuu, Tendaguru ni kwetu. Siyo "kwetu Tanzania", namaanisha kwetu kwetu. Babu mzaa mama ana mikorosho upande huo. Shule ya msingi mwalimu alitutajia "mjusi mkubwa" kwa sentensi moja, akafuta ubao tukaendelea na hesabu. Sasa mjusi mwenyewe huyu hapa, nimevuka bahari kumkuta, na mimi ndiye niliyelipa kiingilio.

Kwa wasiojua: ni dinosaria wa Tendaguru, Lindi, Wajerumani walimchimbisha kati ya 1909 na 1913, Maji Maji haijapoa vizuri. Waliochimba ni watu wa kwetu, mamia. Msimamizi wao mmoja aliitwa Boheti bin Amrani, jina lake lipo kwenye kumbukumbu. Reli hakuna, gari hakuna. Mizigo ilikwenda kichwani na mabegani, mwendo wa siku kama nne hadi bandari ya Lindi, jumla zaidi ya tani 200. Nilisimama pale nikahesabu: katika vichwa vile, hakikosekani hata kimoja cha ukoo wetu.

Nikampigia mama kwa video. Akaangalia kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Na hao wote wanaozunguka hapo wanalipa?" Nikamwambia wanalipa. Akauliza bei, nikamtajia. Akasema "Haya." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Lango la Brandenburg tulilipita usiku, dakika tano. Sina hata picha yake moja inayoeleweka.

(Mjadala wa kumrudisha au kutomrudisha una nyuzi zake. Naomba msiuhamishie huku.)

Shuka la Pwani

Nimeweka mkeka. Mkuu, mama ulimtajia kwa shilingi au kwa euro?

Mmwera wa Mchinga

Kwa euro. Kwa shilingi angekata simu.

Binti Pangani

Yangu ni ya saa.

Nilikuwa Hamburg. Pale chuo kikuu Kiswahili kinafundishwa miaka na miaka, na kwenye kundi letu la WhatsApp alikuwemo kijana wa Kijerumani anayekisoma, ana sarufi ambayo sisi wenyewe hatuna. Siku hiyo akaandika: "Ndugu zangu, Jumamosi tukutane Hauptbahnhof saa 4 asubuhi, twende Ohlsdorf."

Waswahili wanne tukakaa pembeni kujadili bila yeye. Mjerumani hakosei saa. Kaandika 4, basi ni 4 ya kwao. Labda kuna tiketi ya alfajiri ya bei chee. Basi, Januari ile, saa tisa usiku tuko macho, saa kumi alfajiri tumesimama kituoni, khanga tumezifunga juu ya makoti. Tunapiga simu, haipokelewi. Aliyelala atapokeaje?

Alitokea saa nne asubuhi barabara. Saa nne yetu sisi, ile aliyofundishwa darasani. Anatabasamu, ana chupa ya chai ya tangawizi kwapani. "Mmefika mapema!" Sisi pesa ya chakula cha mchana tulishaimalizia kwenye duka la mikate kwa ajili ya kununua haki ya kukaa ndani.

Ohlsdorf ni makaburi, makubwa kiasi kwamba mabasi ya mjini yanapita humo ndani na yana vituo. Tulikuwa tunamtafuta Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, yule aliyeondoka Unguja 1866 akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg. Mume alikufa 1870 kwa ajali ya tramu akamwachia watoto watatu wadogo na baridi hii hii. Yeye aliishi mpaka 1924.

Tulipolipata kaburi, mwenzetu wa Unguja akainua mikono kusoma Fatiha, akaishusha. "Jamani, si alibatizwa?" Mmoja akasema soma tu, Mungu ndiye anayejua. Mwingine akasema hapana, kuna hukumu zake. Ikawa fiqhi juu ya theluji, watu wanatajiana masheikh waliowasomesha chuoni Kiponda. Nageuka, Mjerumani wetu ametoa daftari, anaandika msamiati.

Alisomewa. Nani alishinda ule ubishi sikumbuki, vidole vya miguu nilikuwa sivisikii.

Kokwa la Embe

"Aliyelala atapokeaje" 😂😂 Dada hujambo kweli.

Mwendapole wa Kyela

Fupi. Praha. Tulifunga safari kwenda kuona saa maarufu ya pale mjini mkongwe, imejengwa 1410 na bado inafanya kazi, ikigonga wanatokea mitume dirishani. Tukaiona, tukaipiga picha, tukalala. Usiku huo ulikuwa Jumapili ya mwisho ya Machi, ile ambayo nchi nyingi za Ulaya wanasogeza saa mbele. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuamsha watu kwa saa yangu ya mkononi, niliyopewa na baba. Basi liliondoka saa nzima kabla hatujatoka kitandani. Tangu siku hiyo kwenye kundi naitwa Fundi Saa.

Ngamia wa Marsabit

Sasa wadau. Mimi ni Mkenya, Kiswahili changu msikipime kwa rula ya Tanga.

Nilikuwa Oulu, Ufini. Nyumbani kila mtu aliuliza swali moja tu: umeona zile taa za kijani angani? Februari tukachanga watu watano, tukapanda treni mpaka Rovaniemi, zaidi ya kilomita 200 kaskazini, tukakodi kijumba cha mbao. Usiku wa kwanza mawingu. Wa pili mawingu. Wa tatu theluji. Baridi ilifika digrii 25 chini ya sifuri na simu zilikuwa zinazima zikiwa na nusu chaji, hadi mmoja akagundua kwamba ukiiweka kwapani inafufuka. Kwa hivyo picha zetu zote za Rovaniemi ni za watu waliobana mkono mmoja kama kuku mgonjwa.

Mchana, kwa kukosa la kufanya, tukaenda kwa yule mzee wa Krismasi. Ana kijiji chake hapo kwenye mstari wa Aktiki, anapatikana mwaka mzima. Kumwona ni bure, picha ndiyo wanauza. Foleni yote ni watoto, halafu sisi majitu ya miaka 27. Zamu yetu akauliza tumetoka wapi. Eldoret, tukasema. Akashika ndevu: "Ah, nyinyi ndio mnakimbia." Mwenzetu mmoja, mwenye mwili wake, akamjibu kwa utulivu, "Si wote."

Tukarudi Oulu na hasira. Jumanne usiku natoka chumba cha kufulia, beseni mkononi, soksi zishaanza kukauka kama samaki wa Turkana, nikaangalia juu ya maegesho ya magari. Anga lote kijani, linapepea kama pazia mtu akifungua dirisha. Nikapiga nduru. Wale wanne niliowagongea milango, hakuna aliyefungua, walidhani naleta utani. Aliyetoka ni jirani Mvietnamu ambaye sikuwahi hata kumsalimia. Tulisimama naye mpaka soksi zikawa mbao.

Furaha wa Bukavu

Bandugu, mutanisamehe, Kiswahili yangu ni ya kwetu Bukavu.

Mimi nilisomea Ubeleji, Louvain-la-Neuve. Siku moja ya mungu tulikuwa batu tano, mimi na Barundi wawili na Batanzania wawili, tukasema tuende kupumuzika mu parke ya Tervuren. Ukiwa Bruxelles unapanda tramu 44 pale Montgomery, inapita mu pori, miti huku na huku, nzuri sana, mpaka mwisho wa njia. Tulibeba sambusa, mikate, na kuku ya kuchoma. Hatukuwa na mpango ya kuingia mu makumbusho. Tulijua iko pale, ile ya Kongo, njo mufalme Leopold mwenye aliianzisha. Mama yangu alinikatazaka: "Usiende kule, utalia bure."

Tulikula, tukacheza karata pa majani, tukafurahi. Wakati ya kurudi mvua ikaanza, tukakimbilia kanisa moja ya karibu. Pembeni ya ile kanisa, inje, kuna makaburi saba yenye imepangwa mustari. Juu yake majina ya kwetu. Jina moja moja tu, haina ya baba, haina ya ukoo. Mwaka 1897.

Murundi mumoja akatafuta mu simu yake, akatusomea. Leopold alileta batu 267 kutoka Kongo kwa ajili ya maonyesho, bakabajengea vijiji mu ile parke, Babeleji banakuja kubaangalia. Ile kiangazi ilikuwa ya baridi na mvua. Saba bakakufa, njo aba.

Mu ile parke yenye tulikuwa tunatoka kula kuku.

Hakuna mwenye alisema kitu. Mvua ilipoisha, ule Murundi akarudia kule tulikuwa tumekaa, akaanza kuokota mifupa ya kuku mu majani, moja moja, akaiweka mu sashe, akaibeba mpaka kwake. Sikumuuliza alifikiria nini.

Mmwera wa Mchinga

Pole dada. Nimeisoma mara mbili.

Kokwa la Embe

Baada ya hiyo sijui hata niweke nini, lakini zamu ni zamu.

Nilikuwa Padova, Italia. Venezia ni nusu saa tu kwa treni, ila tulikuwa tunaihifadhi kwa siku maalumu: mwenzetu mmoja, binti wa Mwanza, alikuwa anatimiza miaka 25 na ndoto yake ilikuwa kupanda ule mtumbwi wa mapenzi na sote tumpigie makofi. Tumechanga miezi miwili. Tukanunua tiketi za karatasi mashineni, tukakaa dirishani kama mabalozi. Akaja mkaguzi. Tiketi tunazo, tunamwonyesha kwa fahari. Akageuza nyuma, akageuza mbele, akauliza muhuri uko wapi.

Kumbe kule tiketi ya karatasi ya treni ya mkoani lazima uigonge kwenye kimashine kabla ya kupanda. Usipoigonga ni sawa na huna. Kimashine tulikipita, mmoja wetu alikiegemea kabisa akifunga kamba za viatu. Watu watano, faini watano. Mchango wa mtumbwi ukaishia hapo hapo kati ya vituo viwili.

Venezia tuliitembea kwa miguu, maji tunachota kwenye mabomba ya barabarani. Jioni mama mmoja muuza samaki karibu na Rialto alituona tunautazama mtumbwi kama watoto wanavyotazama soda, akatuelekeza kwa mkono: kuna mitumbwi ya kuvusha wenyeji kutoka ng'ambo moja ya mfereji mkubwa hadi nyingine, euro 2 kwa kichwa, na wengi wanasimama. Dakika mbili, umefika. Tulivuka. Binti wa Mwanza akasema huu hauna tofauti na wa kuvukia kwao ila huyu hana ndoo ya kuchotea maji. Tukalipa tena tukarudi, ili apigiwe makofi vizuri.

Shuka la Pwani

Wanaosoma sasa wasikieni: KUGONGA TIKETI. Na wale wa ndege za bei poa, pasipoti yako ya nje ya Umoja wa Ulaya ipeleke mezani wakuangalie kabla hujaenda kwenye foleni ya ulinzi. Jamaa yangu aliachwa mlangoni kwa kukosa ukaguzi huo mdogo. Waliopanda nao walikwenda kushukia uwanja unaoitwa wa Paris, Paris yenyewe iko zaidi ya kilomita 80 kutoka hapo. Sijui nani aliumia zaidi.

Mnyakyusa wa Rhine

Nilikuwa Strasbourg, Ufaransa. Pale unavuka kwenda Kehl, Ujerumani, kwa tramu ya mjini, daraja moja tu la mto Rhine. Tulizoea kuvuka kwa ajili ya sabuni na nyama, kule bei nafuu. Jumamosi moja hatukwenda kununua kitu, tulikwenda kupunga upepo kwenye bustani ya pande mbili za mto, na kwa kuwa ni matembezi, kadi ya ukaazi niliiacha kwenye suruali nyingine.

Askari wawili wakapanda kituo cha kwanza ng'ambo. Tramu imejaa. Waliombwa karatasi watu watatu, na ndio sisi watatu. Wenzangu wakatoa. Mimi nikatoa kadi ya maktaba. Saa mbili na nusu kwenye kiofisi, mpaka mwenzangu aliporudi chumbani kwangu kuifuata kadi. Jambo nililoliona siku hiyo: bibi mmoja mzee wa Kijerumani alishuka na sisi kwa hiari yake, akakaa kwenye benchi nje ya kiofisi na kikapu chake, hataki kuondoka. Nilipotoka akanipa tufaha, akapanda tramu iliyofuata. Hatukupeana hata majina.

Kadi sasa inalala kwenye viatu. Siwezi kutoka bila kuikanyaga.

Mzee wa Kikwajuni

Assalaam aleikum vijana. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, mimi nasema tu.

Binti Pangani

Waaleikum salaam, shikamoo mzee. Tunakusikiliza.

Mzee wa Kikwajuni

Marahaba. Fleti za Wajerumani pale Kikwajuni zilijengwa mbele ya macho yangu nikiwa mtoto, kwa hivyo nilipokwenda kwao 1983 nilidhani nawajua. Nilikuwa Leipzig, Ujerumani Mashariki ile. Mwaka wa kwanza lugha, Herder-Institut, kisha uhandisi. Chumbani niliwekwa na mwanafunzi wa Kijerumani. Kijana mpole, hodari wa kukoroma.

Sasa sisi wageni tulikuwa na kitu wenyeji hawana. Ukishagongewa viza ya kutoka na kurudi, unakwenda Berlin Mashariki, stesheni ya Friedrichstraße, unapita ukaguzi, unapanda treni, na dakika chache tu uko Magharibi. Wao hawawezi. Tukapanga mimi, Msudani mmoja na Myemeni wa Aden, twende tukaone huko kunasemwa vipi. Mwenzangu wa chumba akasema atatusindikiza. Alikuja nasi kutoka Leipzig mpaka mlango wa ukaguzi, akasimama. "Nitakungojeeni hapa." Nilidhani anatania.

Kutwa nzima tulizunguka. Maduka, mataa, ndizi zimemwagwa kama mchanga. Nilinunua kopo la kahawa, ndilo aliloniagiza, la mama yake. Tulirudi saa mbili usiku. Yupo! Amekaa palepale, amekula mkate wake, karatasi ameikunja vizuri ameitia mfukoni. Akaniuliza, "Kukoje?"

Nilifungua mdomo nianze kuhadithia, nikamtazama uso, haya ikanijaa. Nikamwambia, "Kuna makelele mengi."

Akacheka. Njia nzima hakuniuliza tena.

Ukuta ulipoanguka mimi nishakuwa Unguja, kazini. Mapema 1990 ikanijia kadi. Picha ni lile kanisa la Kurfürstendamm, Berlin Magharibi, lililovunjwa na mabomu wakaliwacha vilevile. Nyuma ameandika mstari mmoja: "Kweli, kuna makelele mengi."

Kadi ninayo. Mjukuu anasema nipige picha niitie humu. Nimemkataza.

Mmwera wa Mchinga

Mzee, ahsante. Msalimie na mwandishi wako.

Kisiki cha Mpingo

Wakuu, nimesoma uzi wote usiku huu. Mimi naanza Magdeburg Oktoba, inshallah. Tiketi ya euro 9 bado ipo? Na hiyo makumbusho ya mjusi, Jumatatu wanafungua? Ratiba yangu Jumatatu ndiyo siku huru.

Mmwera wa Mchinga

Ya euro 9 ilikufa Agosti ile ile. Ikaja ya 49 mwezi Mei 2023, Januari 2025 ikawa 58, Januari 2026 ikawa 63, na haijaonyesha nia ya kushuka. Chuoni kwanza uliza tiketi ya wanafunzi.

Jumatatu wamefunga. Nenda Jumanne. Na choo cha Magdeburg, mdogo wangu, kilipie tu.